MIGUU INAYOVIMBA JIONI: SOMO KWA SISI TUNAOSIMAMA KUTWA

Hapa tumezoea kuongelea mtaji, mzigo na wateja wanaokopa halafu wanabadilisha njia. Leo tuongelee miguu. Usipite kwanza, maana mguu ukigoma kibanda kinafungwa, na marejesho ya kikoba hayasubiri mguu upone.

Naongelea hali hii: asubuhi kiatu kinaingia vizuri, ikifika saa kumi jioni kinabana. Soksi imeacha alama. Miguu mizito kama umefungiwa jiwe, kwenye vifundo pamejaa, usiku kigimbi kinakaza mpaka unaamka. Wengine nyuma ya goti au kwenye paja wana mishipa imesimama, imejikunja kama mizizi. Wengi tunasema ni uchovu, tunapaka dawa ya kuchua, kesho tunarudi kazini. Kama hali hiyo inakuja jioni na kupungua ukilala, tena inajirudia wiki hadi wiki, kuna uwezekano mkubwa vena za miguu zimeanza kushindwa kazi yake. Ni tatizo la kawaida sana, linaenda polepole, na kwa sehemu kubwa linadhibitika ukiliwahi. Ukiliacha linaweza kukufikisha kwenye kidonda cha mguu kinachokaa miezi bila kupona.

Mimi nauza nguo za watoto, na mguu wangu wa kushoto una mishipa hiyo tangu mimba ya pili. Nimepimwa, nimeelezwa, na kila nikienda kliniki nauliza maswali mpaka nesi ananicheka. Si daktari mimi. Naandika kile ambacho mtu wa sokoni anaweza kukielewa na kukitumia, na nitakuonyesha mahali ambapo lazima uende hospitali.

TUANZE NA KRETI TUPU

Damu ina njia mbili. Ateri zinatoa damu kwenye moyo kwenda mwilini, vena zinairudisha moyoni. Fikiria wewe unauza soda. Gari linashusha kreti zilizojaa kila siku, lakini kreti tupu hazirudi kiwandani. Wiki ya kwanza utazipanga pembeni. Wiki ya pili duka halina pa kukanyaga. Mguu unaovimba ni duka lililojaa kreti tupu: damu inashuka vizuri, kurudi ndiyo shughuli.

Sababu ni mlima. Kutoka unyayo mpaka moyoni ni zaidi ya mita moja kwa mtu mzima, na damu ikifika chini ule msukumo wa moyo umeshapungua sana. Jaribu kitu sasa hivi hapo ulipo. Ning'iniza mkono wako chini, utikise kidogo, usubiri. Utaona mishipa mgongoni mwa kiganja imetuna. Sasa inua mkono juu ya kichwa. Mishipa inazama yenyewe. Hakuna dawa uliyokunywa, umebadilisha mteremko tu. Kumbuka jaribio hili, maana nusu ya tiba ya miguu imo humo.

Mguu una mbinu mbili za kupandisha damu. Ya kwanza ni vali, vimilango vidogo ndani ya vena vinavyofunguka kuelekea juu peke yake. Daktari wa Italia, Hieronymus Fabricius, alivieleza kwenye kitabu mwaka 1603, na mwanafunzi wake William Harvey mwaka 1628 ndiye aliyeonyesha damu inazunguka mwilini na milango hiyo inasaidia nini. Mbinu ya pili ni kigimbi. Kila unapopiga hatua, msuli wa kigimbi unazibana vena za ndani, damu inaruka juu, halafu vali inafunga isirudi. Ndiyo maana utasikia kigimbi kinaitwa moyo wa pili.

Sasa sikiliza hapa, hapa ndipo penye somo lenyewe. Mtu akisimama tuli, presha ndani ya vena ya kifundo cha mguu inafika kama 80 mpaka 90 kwa kipimo kile kile cha mashine ya presha. Akianza kutembea, kama vali zake ni nzima, inashuka chini ya 30. Mguu ule ule, mtu yule yule. Kwa hiyo kwa vena zako, yule kijana anayezunguka mtaa mzima na mashati begani yuko salama kuliko wewe uliyesimama nyuma ya meza kuanzia saa moja asubuhi. Tunamhurumia yeye kwa kutembea, kumbe wa kuhurumiwa ni sisi tuliosimama kama nguzo ya umeme.

Kukaa nako ni vilevile. Ukikaa kwenye stuli miguu inaning'inia saa nane, kigimbi kimelala, damu imetulia chini. Fundi cherehani, muuza vocha, dada wa wakala wa pesa, somo hili ni lenu pia.

VALI ZIKICHOKA

Presha hiyo ikikaa miaka, vena inatanuka, vile vimilango havikutani tena katikati, damu inapanda hatua mbili inarudi moja. Wengine vali ziliharibika kwa damu iliyowahi kuganda kwenye mguu. Wanawake tunapata zaidi kwenye ujauzito, kwa sababu damu inaongezeka, homoni zinalegeza kuta za mishipa, na mfuko wa uzazi unakandamiza vena kubwa tumboni. Umri, uzito mkubwa na ukoo navyo vina nafasi yake. Kama mama yako alikuwa na mishipa iliyosimama, wewe anza kujiangalia leo. Na kwa mama lishe na wakaanga chipsi: joto linatanua vena, kwa hiyo kusimama tuli mbele ya jiko ni mzigo juu ya mzigo.

Madaktari wanaipanga hali hii kuanzia 0 mpaka 6. Moja ni vimishipa vyembamba kama utando wa buibui. Mbili ni mishipa iliyotuna, upana wa milimita 3 au zaidi ukiwa umesimama. Tatu ni mguu kuvimba. Nne ngozi inabadilika. Tano umewahi kuwa na kidonda kikapona, sita kidonda kipo wazi. Siyo lazima upite zote kwa mpangilio, kuna watu mishipa ya juu haionekani kabisa lakini ngozi imeshabadilika.

Nataka tukae kidogo kwenye hiyo namba nne, maana ndiyo tunayoipuuza. Damu ikikwama chini, chembe zake zinavuja nje ya mishipa midogo, na madini ya chuma yaliyomo yanabaki kwenye ngozi kama kutu. Ngozi inakuwa nyeusi zaidi, inawasha, inatoa magamba, baadaye inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Kwenye rangi yetu mabadiliko hayo yanajificha. Usitegemee macho tu, tumia mkono. Pitisha vidole upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, ulinganishe mguu na mguu. Ukisikia upande mmoja ngozi ni ngumu, inang'aa, au imenasa haivutiki, hiyo ni taarifa. Watu wengi hapo wanapaka krimu za fangasi mwaka mzima, au zile krimu kali za kung'arisha, ngozi inazidi kuwa nyembamba. Kisha siku moja unagonga ubao wa meza, kidonda kidogo tu kama punje ya harage, kinakataa kufunga.

Nimeona sokoni kwetu mama mmoja wa dagaa akiambiwa amekanyaga dawa ya watu. Kidonda kipo juu ya kifundo kwa ndani, mguu umevimba, ngozi nyeusi pembeni yote. Akatumia pesa za mzigo wa miezi miwili kwa waganga, na kidonda kikawa kinamwagiwa unga wa vidonge kila asubuhi. Alipofika hospitali walimsafisha, wakamfunga bendeji za kubana kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, zikawa zinabadilishwa kila wiki. Kilichukua miezi, lakini kilifunga. Dawa kubwa ilikuwa kule kubana, kurudisha damu juu. Unga wa vidonge haupandishi damu.

HAPA USISUBIRI

Siyo kila mguu uliovimba ni vena. Mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma kwenye kigimbi, una joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo: inaweza kuwa damu imeganda ndani. Na ukiwa katika hali hiyo usikubali kukandwa wala kuchuliwa. Kama pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma au unakohoa damu, hiyo ni dharura, bonge la damu linaweza kuwa limefika kwenye mapafu. Chukua bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu.

Miguu yote miwili imevimba na usiku huwezi kulala bila mito mingi kwa kukosa pumzi, moyo upimwe. Uso umevimba asubuhi na mkojo una povu, figo zipimwe. Mjamzito anayevimba huku kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu asingoje siku ya kliniki. Na kwa sisi wa mwambao, mguu unaovimba mpaka juu ya unyayo na vidole, tena haupungui ukilala, unaweza kuwa matende, ambayo ina njia yake nyingine ya matibabu.

Kuna jingine ambalo halisemwi sana. Baadhi ya dawa za presha, hasa amlodipini, huvimbisha vifundo vya miguu. Kama unaitumia, mwambie daktari, anaweza kubadilisha. Usiiache mwenyewe, presha ikipanda itakudai zaidi ya uvimbe. Na zile tembe za kukojosha maji usinunue duka la dawa kwa sababu tu jirani alipungua. Tatizo likiwa ni vena, maji siyo chanzo, utaishia kuishiwa nguvu mwilini wakati vali ni zile zile.

KUPANGA KIBANDA UPYA

Muuza chipsi mmoja aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nikikaa wateja wanaona nimefunga." Ni kweli, na ushauri wa kwenye vipeperushi wa kupumzika mara kwa mara haujui soko. Kwa hiyo mimi nimepanga meza inilazimishe kutembea. Pesa ninayo kiunoni kwenye kibegi, lakini mifuko ya kufungia nimeitundika mwisho wa kibanda, mwisho kabisa. Kila ninapouza naenda hatua tano, narudi tano. Siku ya wateja 60 hizo ni hatua 600 ambazo zamani sikuwa nazo. Wateja wanadhani nina mbwembwe.

Wakati mteja anachagua, nanyanyua visigino. Simama kwa vidole, shuka taratibu, mara 20. Umeshika meza, hakuna anayejua unafanya mazoezi. Hii ndiyo pampu yenyewe, na ni bure. Ukiwa umekaa fanya kama unashona kwa cherehani ya miguu: ncha juu, ncha chini. Viatu viwe bapa au na kisigino kifupi, kwa sababu ukivaa kirefu kifundo hakikunjiki vizuri na kigimbi hakibani inavyotakiwa. Sakafu ya zege weka boksi nene au mkeka wa mpira. Pata kreti ya kuegeshea mguu mmoja, kisha mwingine.

Halafu kuinua miguu. Ile hesabu ya mkono juu ya kichwa. Miguu iwe juu ya usawa wa moyo, dakika 15 mpaka 30, mara tatu au nne kwa siku ukiweza. Kuweka mguu juu ya kistuli huku umekaa kunasaidia kidogo, ila hakufiki usawa huo. Mchana soko likipoa, mimi na jirani yangu wa vitenge tunapeana zamu. Mmoja analala nyuma kwenye marobota, miguu juu ya gunia, mwenzake anaangalia vibanda viwili. Mara moja mchana na mara moja nikifika nyumbani kabla ya kupika, siku nyingi naishia hapo, na tofauti naiona. Kitanda nimekiinua upande wa miguu kwa vipande vya tofali, kama sentimita 10 hivi. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayebanwa pumzi akilala aulize kwanza kabla ya kufanya hivyo.

Wale wa mikoani mnaopanda basi kuja Kariakoo kufuata mzigo, saa 12 kwenye kiti ni hatari ya damu kuganda. Chezesha vifundo kila nusu saa, na basi likisimama kuchimba dawa, shuka hata kama huna haja. Mizigo isijaze sehemu ya miguu yako.

SOKSI ZA KUBANA

Hizi zina hadithi ambayo sisi wajasiriamali tungeipenda. Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Marekani, alikuwa na ugonjwa huu mwenyewe. Akagundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea miguu inapata nafuu. Akajiuliza kwa nini. Maji kadiri unavyokwenda chini ndivyo yanavyobana zaidi, kwa hiyo kwenye kifundo yanabana sana, kwenye goti kidogo. Kuzunguka mwaka 1950 akawa ametengeneza soksi inayobana kwa mtindo huo huo, ikafanyika kampuni yenye jina lake.

Kwa hiyo soksi sahihi inabana zaidi kifundoni na kulegea inavyopanda. Soksi ndefu za mpira wa miguu za mtumba zinafanya kinyume: lastiki imekaza juu, chini imelegea. Hiyo ni kufunga mfuko mdomo. Kanga iliyokazwa kwenye kigimbi ni kosa lile lile. Nguvu ya soksi inaandikwa kwenye boksi kwa kipimo cha presha. Zile za 15 mpaka 20 zinawatosha wengi wenye uzito wa miguu na uvimbe mdogo, za 20 mpaka 30 na kupanda juu uandikiwe na daktari. Urefu wa chini ya goti kwa wengi unatosha. Nenda ukapimwe mguu asubuhi kabla haujavimba, mzunguko wa kifundo na wa kigimbi, usikadirie kwa namba ya kiatu.

Ila kabla ya kuvaa: kama una kisukari, unavuta sigara, miguu inakuwa ya baridi, kigimbi kinauma ukitembea na kuacha ukisimama, au una kidonda kwenye vidole, ateri zako zinaweza kuwa zimeziba. Hapo kubana ni kumkaba mtu aliyekosa hewa. Omba wakupime presha ya kifundo wailinganishe na ya mkono, ndipo waamue.

Hali ikiwa kubwa kuna ultrasaundi ya dopla inayoonyesha damu inarudi chini wapi, na kuna tiba za kuifunga vena iliyoharibika kwa joto, kwa sindano au kwa upasuaji. Watu huogopa, wanauliza damu itapita wapi. Itapita kwenye vena za ndani zilizo nzima, ambazo ndizo zinazobeba damu nyingi tangu mwanzo. Ila hospitali zenye huduma hizo siyo nyingi, kwa hiyo uliza rufaa mapema. Hizo chupa za "kusafisha mishipa" mnazoletewa vibandani na wauzaji wa mtandao, mimi sinunui. Vali iliyotanuka haisafishwi.

Ngozi ya mguu ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato kila jioni, na usijikune. Na mshipa uliotuna ukipasuka, damu inaweza kuruka kwa namna ya kutisha. Lala chini hapo hapo, inua mguu juu kuliko moyo, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usikae kwenye kiti, usitembee kutafuta msaada, usifunge kamba juu ya goti. Ikishatulia, pafungwe kwa kitambaa hicho, upelekwe hospitali.

Najua swali linalofuata ni bei. Soksi halali si rahisi, na bei inatofautiana duka hadi duka. Piga hesabu ya kibiashara. Tuseme umenunua jozi kwa 60,000 ikadumu miezi minne, siku kama 120. Ni 500 kwa siku, haifiki soda. Ukiweza nunua jozi mbili, moja ifuliwe kwa mkono na kuanikwa kivulini, moja ivaliwe. Vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, vua usiku. Siku za mwanzo utahangaika kuzipandisha, glavu za kuoshea vyombo zinasaidia mkono kushika. Kwa kawaida zinaisha nguvu kati ya miezi mitatu na sita. Siku utakapoona zinaingia kirahisi kama soksi za shule, tafuta nyingine.